Mwalimu asiye na mwajiri: Scott Nearing na miaka hamsini ya msituni

Juni 1915, masomo yakiwa yamekwisha na wanafunzi wameshatawanyika kwenda makwao, Scott Nearing alipokea barua fupi kutoka kwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Ilimwarifu kwamba mkataba wake wa kufundisha uchumi hautaendelea mwaka unaofuata. Sababu haikutajwa. Alikuwa na umri wa miaka 31, ana familia changa, amefundisha hapo karibu miaka kumi, vitabu vyake vya kiada vinatumika, na wanafunzi walijaa kwenye mihadhara yake kwa mamia.

Philadelphia nzima iliijua sababu. Kuanzia 1905 Nearing alikuwa katibu wa kamati ya jimbo iliyopigania watoto wasiajiriwe migodini na viwandani. Pennsylvania ya wakati ule iliishi kwa makaa ya mawe, chuma na nguo. Wavulana walikaa siku nzima wakichambua mawe kutoka kwenye makaa, mgongo umepinda na vidole vimechubuka, na wasichana walisimama kwenye mitambo ya hariri. Nearing hakuyaacha hayo kwenye kamati. Aliyaingiza darasani, akaonyesha mishahara inavyopangwa na faida inavyogawanywa, tena mbele ya vijana ambao wengi wao walikuwa watoto wa wenye viwanda haohao. Mapema 1915 alimwandikia barua ya wazi Billy Sunday, mhubiri aliyekuwa akivuta umati mkubwa mjini humo, akimtaka ahubiri pia juu ya dhambi za wanaowanyonya wafanyakazi. Katika bodi ya wadhamini ya chuo walikaa wenye mitaji na mawakili wa makampuni. Walimvumilia, kisha wakachoka.

Leo Nearing anakumbukwa zaidi kama mzee wa msituni. Picha zake ni za babu mwenye uso uliokunjamana, ameshika toroli, na nyuma yake nyumba ya mawe aliyoijenga mwenyewe. Wanaompenda wamemfanya mtakatifu wa maisha sahili, na wasiompenda humwona msomi aliyecheza umaskini. Naona pande zote mbili zinaanzia hadithi katikati. Maisha yake ya msituni yalikuwa jibu la swali la kazi: mwalimu atausemaje ukweli anaouona, ikiwa anayemlipa ndiye anayeguswa na ukweli huo? Ukiliondoa swali hilo, kinachobaki ni ushauri wa bustani na mapishi ya mboga.

Na swali hilo si la Wamarekani peke yao. Mwaka 1955 Julius Nyerere, mwalimu wa St. Francis Pugu, alitakiwa achague kati ya kufundisha na TANU. Akaacha kazi, akarudi kwao Mara. Ngũgĩ wa Thiong'o alipotoka kizuizini mwishoni mwa 1978 hakurudishiwa nafasi yake Chuo Kikuu cha Nairobi. Kila mmoja alitafuta njia ya kuendelea kusema baada ya kukosa mshahara. Nyerere alikuwa na chama, na Ngũgĩ alikuwa na wasomaji waliomfuata hadi ughaibuni. Nearing alifika mahali ambapo hakuwa na chama, chuo, wala mchapishaji, na hilo ndilo linalofanya njia yake istahili kuchunguzwa kwa makini.

Hakwenda msituni mara tu baada ya barua ile. Kati ya 1915 na 1932 kuna miaka 17 ambayo wanaosimulia habari zake huiruka, ilhali ndiyo inayoeleza kila kitu. Kufukuzwa kwake kulizua kelele kubwa magazetini, na chama cha maprofesa wa vyuo vikuu vya Marekani, kilichoundwa mwaka huohuo, kililichukua suala lake miongoni mwa kesi zake za mwanzo. Chuo Kikuu cha Toledo, Ohio, kikamwajiri na kumfanya mkuu wa kitivo. Alidumu hapo chini ya miaka miwili. Marekani ilipokuwa inaingia vitani mwaka 1917, Nearing alisimama hadharani kupinga vita, na bodi ya Toledo nayo ikamwondoa.

Mwaka huohuo aliandika kijitabu, The Great Madness, akidai kwamba vita ile ilikuwa inaendeshwa kwa manufaa ya wafanyabiashara wakubwa. Serikali ikamshtaki kwa sheria ya ujasusi, pamoja na jumuiya ya kijamaa iliyokichapisha. Kesi ilisikilizwa New York mwezi Februari 1919. Nearing alisimama mbele ya jopo akaeleza hoja zake kwa utulivu, kama anayefundisha mwaka wa kwanza. Uamuzi ulikuwa wa ajabu: yeye aliyeandika akaachiwa huru, na jumuiya iliyochapisha ikakutwa na hatia na kutozwa faini ya dola 3,000. Kwa mchapishaji yeyote aliyekuwa akifuatilia, ujumbe ulieleweka. Mwandishi huyu hafungwi, lakini ukimchapa utalipa wewe.

Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Vyuo havikumtaka. Vitabu vyake vya kiada vilitoweka madarasani. Alifundisha katika shule ya wajamaa New York, akahutubia popote alipoalikwa, akagombea ubunge mwaka 1918 na kushindwa na Fiorello La Guardia. Mwaka 1927 aliingia Chama cha Kikomunisti. Huko nako, alipoandika kitabu juu ya himaya na ubeberu, wakuu wa chama walitaka mawazo yake yalingane kwanza na msimamo rasmi. Walipokataa mswada, aliamua kuuchapisha hivyohivyo, akaandika barua ya kujiuzulu. Chama kikatangaza kwamba kimemfukuza. Ilikuwa mwaka 1930. Kufikia hapo alikuwa ameshaondolewa na mabepari na makomredi pia, na sababu ilikuwa ileile kila mara, kwamba hakukubali mtu mwingine ashike ufunguo wa kalamu yake.

Kwa hiyo mwaka 1932, Marekani ikiwa katikati ya mdororo mkuu wa uchumi na mamilioni hawana kazi, yeye na mwenzi wake, Helen Knothe, walikuwa wakiishi New York katika chumba cha bei ya chini, wakipiga hesabu. Helen alikuwa mpiga fidla, mdogo wake kwa miaka ishirini, aliyekulia katika familia ya Wathiosofia, wafuasi wa falsafa ya kiroho inayotafuta ukweli katika dini zote, na kusafiri sana. Waliona kwamba mjini umaskini unamtawala mtu, kwani kodi ya pango haingoji. Wakanunua shamba chakavu katika bonde la Pikes Falls, chini ya mlima Stratton, jimbo la Vermont: dola 300 taslimu, na deni la dola 800. Lifahamike hilo, maana baadaye waliandika kwa ukali dhidi ya mikopo na riba. Wao wenyewe waliingia msituni na deni, wakalilipa, ndipo wakaapa kutokopa tena.

Kilichofuata ni kazi ya mchumi. Napenda sehemu hii kuliko zote, kwa sababu hapa profesa wa Wharton, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, anaonekana waziwazi ndani ya mkulima. Waliketi wakaandika mpango wa miaka kumi. Lengo halikuwa kujitenga kabisa na soko. Walitaka angalau nusu ya maisha yao isitegemee fedha. Chakula watalima, kuni watakata, nyumba watajenga. Lakini kodi ya ardhi hailipwi kwa viazi, wala kiatu hakioti shambani, hivyo walihitaji zao moja la biashara.

Msitu wenyewe uliwapa. Vermont ni nchi ya mti wa mepo, ambao utomvu wake una sukari. Mwisho wa majira ya baridi, usiku ukigandisha na mchana ukiyeyusha, utomvu hupanda, na kwa wiki chache mkulima hutoboa shina, hukinga maji hayo yasiyo na rangi, kisha huyachemsha usiku na mchana. Lita arobaini hivi za utomvu hutoa lita moja ya shira. Ni kazi ya moto, mvuke, kuni nyingi na theluji ya kufika magotini. Nearing na Helen waliifanya kwa kushirikiana na familia ya jirani, kila upande ukichukua mgawo wake wa shira kulingana na kazi na vifaa ulivyoleta. Walitandaza mabomba mlimani ili utomvu uteremke wenyewe hadi penye jiko, badala ya kubeba ndoo. Mwaka 1950 walitoa kitabu kizima juu ya shira na sukari ya mepo, chenye historia yake tangu kwa wenyeji wa asili wa Amerika.

Jambo muhimu ni walivyoamua kuacha. Kila mwaka walikadiria fedha watakazohitaji. Zikishapatikana, uzalishaji kwa ajili ya soko ulisimama, na ziada ikawa zawadi kwa marafiki. Mkulima yeyote wa kahawa au korosho ataona ugumu wa uamuzi huo. Mwaka wa bei nzuri ndio mwaka wa kuongeza eneo, kukopa mbolea na kuajiri vibarua. Wao waliuchukulia mwaka wa bei nzuri kuwa ni mwaka wa kupata muda zaidi. Nadhani hapo ndipo lilipokuwa jiwe la pembeni la mpango wao, kuliko mboga na kuliko nyumba.

Muda huo waliugawa kwa utaratibu wa darasani. Siku ya kazi ilikuwa na mafungu matatu ya saa nne kila moja: fungu la kwanza la kazi ya mikono ya kujipatia riziki, la pili la kusoma, kuandika, muziki au utafiti, la tatu la kukaa na watu na kushiriki mambo ya jamii. Asubuhi mmoja akiandika, mchana akajenga; kesho yake wakageuza. Wakati wa baridi kali walifunga nyumba wakasafiri kuhutubia na kusoma kwenye maktaba. Mtu anayewaza kwamba walikimbilia msituni ili wasisumbuliwe na dunia atazame fungu la pili na la tatu. Msitu ulilipia meza ya kuandikia.

Nyumba walizijenga kwa mawe, kwa njia iliyobuniwa na msanifu Ernest Flagg. Husimamishwa vibao pande mbili za msingi, mawe yakapangwa sura yao ikitazama nje, zege likamwagwa nyuma yake, likishakauka vibao vinapandishwa hatua nyingine. Njia hiyo haihitaji fundi bingwa, inahitaji subira. Kwa miaka mingi kila walipotembea waliokota mawe na kuyarundika kwa aina: ya pembe, ya sakafu, ya dohani. Scott alikuwa na umri wa miaka hamsini wakati wanaanza. Bustani waliilisha kwa mboji pekee, wakajenga kitalu nyumba cha kukinga mboga na baridi, na ghala la chini ya ardhi la kuhifadhi viazi, karoti na matufaha hadi masika. Hawakula nyama wala kufuga mnyama yeyote, kwa kuwa waliona mnyama wa kufugwa ni mtumwa na mfugaji wake naye amefungwa hapohapo. Walikula katika mabakuli ya mbao. Haya ndiyo yaliyopigwa picha zaidi, na mimi nayapita.

Maana wakati shira inachemka, profesa alikuwa anaandika. Kwa maisha yake yote aliandika vitabu na vijitabu vipatavyo hamsini, juu ya mishahara, himaya, vita, hali ya Wamarekani weusi, ustaarabu na kuporomoka kwake. Kwa miaka mingi alikuwa na safu ya matukio ya dunia katika jarida la kijamaa la Monthly Review. Vingi vya vitabu vyake vya baadaye alivichapisha kwa gharama yake na Helen, wakaviuza kwa posta na kwenye mihadhara. Tarehe 6 Agosti 1945, siku aliyotimiza miaka 62, Hiroshima ilipigwa bomu la atomiki. Siku hiyohiyo alimwandikia Rais Truman kwamba tangu wakati huo serikali ya Marekani si serikali yake tena. Profesa mwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja hangeweza kuituma barua hiyo bila kuwaza kodi ya mwezi ujao. Nearing aliandika, akarudi bustanini.

Sasa nije kwa wanaomtilia shaka, kwa sababu wana hoja na nazichukulia kwa uzito.

Hoja ya kwanza ni fedha. Kitabu chao maarufu, Living the Good Life cha mwaka 1954, kinampa msomaji picha ya watu wawili wanaojilipia kila kitu kwa shira na jasho. Picha hiyo haijakamilika. Helen alirithi fedha kutoka kwa rafiki yake wa zamani, J. J. van der Leeuw, Mholanzi mwanafikra wa Kithiosofia aliyekuwa rubani na mtu wa mambo ya elimu. Huyu alikufa mwaka 1934 ndege yake ilipoanguka katika nchi yetu, wakati huo Tanganyika, akirejea kutoka Afrika Kusini. Inanigusa kufikiri kwamba ajali katika anga letu ilichangia kuimarisha kaya moja kwenye milima ya Vermont. Urithi ule uliwasaidia hasa katika kupata ardhi zaidi, na walizitumia fedha hizo kwa uadilifu. Lakini kijana aliyeuza alichonacho miaka ya sabini akaenda porini na kitabu chao mkononi alistahili kuambiwa. Wengi walishindwa baada ya baridi mbili tatu, wakajilaumu kwa uvivu, kumbe walichopungukiwa ni mtaji.

Hoja ya pili ni watoto. Nearing alitengana na mke wake wa kwanza, Nellie Seeds, katikati ya miaka ya ishirini. Yeye na Helen hawakuzaa. Mwanawe John alikuwa kijana wa miaka ishirini mwaka uleule wa 1932, na akaenda zake Urusi ya Kisovieti kufanya kazi ya kuchomea vyuma Magnitogorsk. Baadaye alijiita John Scott, akaliacha jina la Nearing, na baba na mwana walitengana vibaya kwa sababu ya siasa. Ratiba ya mafungu matatu ya saa nne ni nzuri sana katika nyumba isiyo na mtoto mwenye homa saa nane usiku. Mwalimu wa kawaida, huku kwetu hasa, ana watoto wake, wa dada yake, na ada za shule za wote hao. Ushauri wa Nearing hauna neno juu yake, na mtu aliyeitumia ujana wake kutetea watoto wa migodini angepaswa kuliona pengo hilo kabla yetu.

La tatu ni uamuzi wake wa kisiasa. Mtu aliyekataa kupigwa breki na bodi za vyuo na chama cha New York aliendelea kuzisifu serikali za Urusi na China hata pale ushahidi wa mateso ulipokuwa wazi. Kujitegemea kwa chakula hakukumpa kujitegemea kwa macho. Naliona kosa hilo ni kubwa kuliko lile la fedha, na wanaomsifu hawapaswi kulipita kimya.

Kuna jambo la nne ambalo walilikiri wenyewe, na linawapa heshima. Walikwenda Vermont wakitumaini kujenga maisha ya ushirika na majirani, watu wa bonde moja wakisaidiana kazi, zana na maamuzi. Haikuwezekana. Majirani walikuwa watu wa kila mmoja na lake, na Nearing wenyewe walikuwa wageni wenye desturi za kushangaza, wanaokula karoti mbichi na kupanga siku kwa saa. Katika kitabu chao waliandika wazi kwamba kwenye chakula, afya na makazi walifanikiwa, lakini kwenye jamii walishindwa. Anayejua kijiji chenye msaragambo anaweza kujiuliza kama kosa lilikuwa la bonde au la mpango. Maoni yangu ni kwamba mtu hapangi ujirani kama anavyopanga mboji. Walikuja na jamii iliyokwisha kuchorwa kwenye karatasi, na wenyeji hawakuulizwa.

Kufikia mwaka 1952 michezo ya kuteleza kwenye theluji ilikuwa imeanza kuleta mahoteli na watalii upande ule wa Vermont. Wakahama, wakaanza upya Harborside, kwenye rasi ya Cape Rosier, pwani ya jimbo la Maine. Scott alikuwa anakaribia miaka sabini. Huko zao la biashara likawa beri za buluu, na mengine yote yalifuata utaratibu uleule. Living the Good Life, walichokichapisha wenyewe, kiliuzwa polepole kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1970 mchapishaji wa New York alikitoa upya, na safari hii nchi ilikuwa imebadilika: vita vya Vietnam vinaendelea, vijana wamevichoka vyuo na miji. Kikauzwa kwa makumi ya maelfu.

Hapo ndipo darasa lake liliporudi, kubwa kuliko lile la Wharton. Vijana walifika Harborside kila kiangazi kwa mamia, wengine na mabegi mgongoni, wengine na maswali ya maisha yote. Langoni kulikuwa na kibao kilichowaarifu kwamba asubuhi ni ya wenye nyumba, na wageni wataonwa kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri. Waliofika walipewa koleo kwanza, mazungumzo baadaye. Nyumba ya mwisho ya mawe, iliyojengwa Scott akiwa amepita miaka tisini, ilipanda kwa mikono ya wengi waliokuja kujifunza. Wapo wanaosema kwamba hiyo ilikuwa nguvukazi ya bure. Mimi nasema mwanafunzi wa uashi hujifunza kwa kujenga ukuta, ila ukuta ule ulikuwa wa mtu, na kitabu kingepaswa kuihesabu mikono hiyo.

Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimpa hadhi ya profesa mstaafu wa heshima wa uchumi. Miaka 58 ilikuwa imepita tangu ile barua isiyo na sababu. Aliishi miaka kumi zaidi. Tarehe 6 Agosti 1983 alitimiza miaka mia. Wiki kadhaa kabla alikuwa ameamua kuacha chakula, akabaki na maji ya matunda na hatimaye maji matupu, akafariki nyumbani tarehe 24 mwezi huohuo. Helen aliendelea kuandika na kupokea wageni hadi alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1995, na nyumba yao ikawekwa mikononi mwa taasisi inayoitunza na kuifungua kwa umma.

Limebaki suala la ardhi, ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko mengine yote. Alipokuwa bado mwalimu Philadelphia, Nearing alikuwa na kibanda Arden, kijiji cha Delaware kilichoanzishwa mwaka 1900 na wafuasi wa mchumi Henry George. Huko ardhi ni ya kijiji. Mkazi hukodi kiwanja, hulipa kulingana na thamani yake, na hakuna anayetajirika kwa kukaa tu juu ya udongo unaopanda bei. Alipofukuzwa kazi alipoteza mshahara, lakini somo la Arden hakulisahau. Aliona kwamba mwalimu, mwandishi au fundi anakuwa huru pale tu ardhi inapopatikana kwa bei ambayo kazi yake inaweza kuilipa. Yeye alifaidika na bei ya chini ya mwaka 1932, bei iliyotokana na mashamba kutelekezwa na watu kufilisika. Alijua kwamba atakayemfuata hataikuta.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka Vermont yeye na Helen walikabidhi eneo kubwa la msitu wao kwa mji wa Winhall, uwe msitu wa umma, wakati ambapo wangeweza kuliuza na kuishi kwa fedha zake. Na mwaka 1968 huko Maine alikuja kijana mmoja na mkewe wakitafuta shamba. Kijana huyo, Eliot Coleman, alikuwa mwalimu wa Kihispania katika chuo kidogo cha New Hampshire, na alikuwa amekisoma kitabu chao. Nearing walimuuzia ekari 60 kwa dola 33 kila ekari, karibu bei ileile waliyonunulia wao miaka mingi kabla. Coleman alikata miti, akang'oa visiki, akajifunza kulima mboga kwenye udongo mwembamba wa pwani ile, hadi akajua kuvuna hata katikati ya baridi. Mwaka 1989 alitoa kitabu cha kilimo cha mboga bila kemikali ambacho wakulima wadogo wa Marekani wanakitumia hadi leo. Kwa mshahara wake wa chuo, bei ya soko ingemwacha nje ya lango.